Mfuko wa Ndani ya Bukta

Mfuko wenyewe ulikuwa mdogo, wa kuingia vidole viwili tu. Aliushona upande wa ndani wa bukta, chini kidogo ya mpira wa kiuno, mahali ambapo mfupa wa nyonga hauusugui. Mshonaji hakuwa mtu wa kushona kitu ovyo ovyo eti kwa sababu hakionekani. Aliukunja ukingo mara mbili, akaupitisha cherehani mara mbili, akakata nyuzi zilizochomoza, kisha akaugeuza na kuusugua shavuni mwake asikie kama unakwaruza. Haukukwaruza.

"Wa kuwekea nini, baba?" alimwuliza mumewe.

"Ufunguo," alisema Seremala bila kuinua macho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, goti la kulia amelifunika kitambaa cha maji ya moto.

Ufunguo wa nyumba ile ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango mwaka nenda mwaka rudi, kwa kuwa mama yake Seremala alikuwa hatoki, na nyumba ambayo mama mkwe yumo haifungwi. Mshonaji alilijua hilo. Lakini goti la mtu lilikuwa limevimba, mashindano ya mbio yalikuwa Jumapili, na mwanamume aliyejiandaa mwaka mzima huwa kama mjamzito wa siku za mwisho: ukimhoji sana, atagomba au atalia. Basi akampa bukta yake.

Seremala alikwenda kuuonyesha mfuko huo kwa wenzake, wakaupenda. Kufika Alhamisi, meza ya cherehani ilikuwa na rundo la bukta, za bluu, nyekundu, moja ina kiraka. Mmoja mmoja walikuja kuzileta, na kila aliyeulizwa alisema ni wa ufunguo.

"Funguo zimekuwa nyingi mji huu," alisema mama mkwe kutoka kwenye mkeka wake. "Na wezi bado wanaingia."

Mshonaji alicheka, akashona yote.

Hao wenzake hawakuwa wanariadha wa kulipwa. Walikuwa watu na kazi zao: kinyozi, mlinzi wa ghala, muuza mayai, mwalimu wa darasa la pili, na wengine wa namna hiyo, waliokutana alfajiri kukimbia kabla siku haijaanza kuwadai. Kinyozi ndiye aliyekuwa kiongozi wao, wakimwita Kapteni. Seremala wakimwita Treni, kwa kuwa alichelewa kuchanganya mwendo lakini akishachanganya hakuna wa kumsimamisha. Jumapili walikimbia masafa marefu, na wakirudi waliketi kwenye ukuta mfupi nyuma ya kituo cha mafuta kilichofungwa zamani. Hapo kila mmoja alitakiwa kutoa mbio yake. Ndivyo walivyosema, kutoa mbio. Unaeleza mwili wako ulivyokwenda tangu hatua ya kwanza: wapi pumzi ilikubana, wapi ulitamani kukaa chini ulie, wapi nguvu zilirudi. Mtu akitoa mbio yake hakatizwi, hata aseme uongo. Akimaliza anapigiwa makofi matatu, anaingia mwingine. Na ambaye hakufika, nafasi yake ukutani haikaliwi.

Mbio hizo zote Mshonaji alizijua, maana Seremala alizileta nyumbani kama mtu anavyoleta samaki. Aliyoipenda Seremala kuliko zote ni ya Kapteni ya mwaka juzi. Kapteni alikuwa na kisigino kibovu, hakiponi. Asubuhi ya mashindano akameza vidonge vinne vya maumivu, akaongeza viwili njiani, na mguu ukawa si wake tena. Akakimbia kama ameazimwa miguu ya mtu mwingine, akapata muda ambao hajaupata tena. Seremala aliisimulia hiyo huku akijipangusa vumbi la mbao masikioni, na kila mara alipofika pale pa miguu ya kuazima alitikisa kichwa kwa wivu.

*

Jumapili ile ya mashindano jua lilitoka na hasira zake mapema. Mshonaji alikuwa akimalizia sare ya mtoto wa mtu simu ilipolia.

"Shemeji, usishtuke," ilikuwa sauti ya Kapteni, na hapo hapo akashtuka. "Treni amemaliza mbio. Amemaliza vizuri sana. Ila misuli imemkaza na anatapika kidogo. Tumemleta hospitali kwa usalama tu."

Alimkuta mumewe kwenye kitanda cha pembeni, medali bado ipo shingoni, midomo imepauka chumvi. Kapteni na Muuza Mayai walisimama kila mmoja upande wake, wamevaa namba zao kifuani. Sindano ya maumivu alikuwa ameshachomwa, chupa ya maji inatiririka mkononi.

"Mama Cherehani," alisema Seremala, jina alilomwita akiwa na furaha. "Wameshatoa muda?"

"Muda gani?"

"Muda wangu."

"Umepata muda mzuri sana, Treni, mwenyewe nimeuona," alisema Kapteni. "Pumzika."

Muuguzi, mama mnene mwenye viatu vya mpira, alikuja akaivua ile medali, akamkabidhi Mshonaji kama anayerudisha chenji. "Watu wazima," alisema. "Mnakimbia na hakuna anayewafukuza. Amekojoa?"

"Mara moja, kule kwenye hema," alisema Muuza Mayai. Kisha akapunguza sauti. "Ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea."

Muuguzi aliandika, akaondoka. Walimwekea mpira na mfuko wa plastiki wa kukingia mkojo, ukaning'inizwa chini ya kitanda. Mshonaji aliketi kwenye benchi akiutazama. Mchana ulipita, jioni ikaingia, na mfuko ulikuwa mtupu vile vile ulivyotoka kwenye karatasi yake.

*

Asubuhi uso wa Seremala ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Daktari, kijana mwenye usingizi machoni, aliuinua ule mfuko, akaushusha.

"Figo zimegoma," alimwambia Mshonaji. "Sijui kwa nini zimegoma kiasi hiki. Jua kali, misuli kuchoka, hayo tunayaona kila mwaka, wanawekewa maji wanakojoa, wanakwenda zao. Huyu hakojoi. Asipokojoa leo itabidi damu yake isafishwe kwa mashine."

"Na akikojoa?"

"Akikojoa tutashukuru, mama."

Basi hilo ndilo likawa neno lililobaki katika nyumba ile. Amekojoa? Jirani aliuliza hivyo dirishani. Mama mkwe aliuliza hivyo kabla ya kuitikia salamu, Mshonaji aliporudi mara moja kuchukua shuka na kufua nguo za mgonjwa.

"Bado, mama."

"Mtoto huyu," alisema bibi kizee, akiangalia mikono yake. "Nilimtandika kwa kukojoa kitandani mpaka anakwenda shule. Leo namwombea akojoe kitandani."

Mshonaji alimimina maji kwenye beseni, akazifungua nguo kwenye mfuko wa nailoni waliompa hospitali. Fulana ilikuwa imekauka kwa chumvi ikasimama yenyewe. Bukta aliigeuza ndani nje, kama anavyogeuza kila nguo kabla ya kuilowesha, na pale chini ya mpira wa kiuno vidole vyake vikakuta kitu kinachokwaruza. Akakitoa. Vilikuwa vipande viwili vya karatasi ya vidonge, ile ya fedha yenye vijumba, vimekunjwa pamoja vikatoshea sawasawa. Vijumba vyote vilikuwa vimepasuliwa.

"Ni nini hicho?" aliuliza mama mkwe.

"Ufunguo," alisema Mshonaji, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Alitoka na kandambili za chooni. Alikuwa mwanamke wa kukaa, miguu yake kazi yake kukanyaga cherehani, na tangu aolewe hakumbuki kama aliwahi kukimbia hata kuwahi mvua. Siku ile alikimbia. Gauni alilishika kwa mkono mmoja na karatasi za vidonge kwa mkono mwingine. Vijana waliokaa kwenye pikipiki zao walimwona. "Mama, fainali iko wapi?" alisema mmoja, wenzake wakaangua kicheko. Kandambili moja ilikatika, akaiacha.

Daktari alizisoma zile karatasi mbele na nyuma. Alizigeuza tena na tena, hata Mshonaji akafikiri hazina maana.

"Alimeza vyote hivi akiwa anakimbia?"

"Vinne asubuhi, nadhani. Viwili njiani. Ndivyo wanavyofanya."

"Kwa jua lile, na maji yamemwishia mwilini." Daktari alijipangusa paji la uso. "Hizi zinabana figo, mama. Na jana tulimchoma sindano ya maumivu. Ni dawa ya jamii hii hii. Tulimwongezea juu yake."

"Hamkuuliza?"

"Tuliuliza. Mimi mwenyewe niliuliza mara mbili. Nikaambiwa hakumeza kitu, maji na glukosi tu."

"Na nani?"

"Mwenzake. Mrefu, ana kofia ya njano."

Mshonaji alikwenda hadi kitandani. Mumewe alikuwa macho, anapumua kama mtu aliyebeba gogo.

"Waliuliza kama umemeza dawa, nawe ulikuwepo. Kwa nini hukusema?"

Seremala aliangalia dari. "Kapteni alishajibu," alisema. "Ningembishia mbele za watu?"

*

Kibanda cha kinyozi kilikuwa na viti viwili na kioo kimoja chenye ufa. Mteja alikuwa amekaa, kichwa chake nusu kimenyolewa nusu bado, shuka limemfunga shingoni. Kapteni alipomwona Mshonaji mlangoni, mguu mmoja peku, alizima mashine.

"Shemeji. Karibu, keti kwanza. Amekojoa?"

"Alikuuliza daktari kama mume wangu amemeza kitu."

Kapteni alipuliza nywele kwenye mashine, ingawa hazikuwepo.

"Nijibu mimi sasa. Mimi si daktari, labda mimi utaniambia."

"Shemeji, tusiongee hivi mbele ya mteja."

"Mimi sina haraka," alisema mteja, akiwaangalia kupitia kioo.

Kapteni alivua ile kofia ya njano, akaishika kwa mikono yote miwili. Alionekana mzee zaidi bila kofia. "Kwenye mkutano wa kuchukua namba walitutangazia," alisema. "Atakayebainika ametumia dawa, anafutwa. Muda wake unafutwa, na mwakani hapewi namba."

"Dawa za maumivu?"

"Walisema dawa. Sikuuliza zipi. Nani atauliza mbele ya watu wote, aonekane ndiye anayetumia?" Akaipindapinda kofia. "Alikuwa amepata muda, shemeji. Wewe hujui. Miaka yote ile amekimbia nyuma yangu, na jana alinipita. Mimi. Alinipita akanipungia mkono. Daktari alipouliza niliona kama wanataka kumnyang'anya. Nilikuwa namlindia muda wake."

Mshonaji alikuwa amekuja na maneno yake amejiandalia njia nzima, maneno makali, na mengine si ya mdomo wa mwanamke mwenye heshima zake. Yote yalimkauka. Mtu yule hakuwa akidanganya, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Umemlindia vizuri," alisema.

"Fundi," alisema mteja taratibu, "hiki kichwa changu tutakifanyaje?"

*

Seremala hakukojoa siku ile, wala iliyofuata. Walimtoboa shingoni, wakampitisha kwenye mashine iliyotoa damu yake mwilini, ikaisafisha, ikairudisha. Alipotoka alikuwa baridi, anatetemeka, lakini macho yamefunguka. Daktari alisema figo zingine huamka baada ya wiki, zingine baada ya miezi, zingine haziamki. Mpaka ijulikane, atakuwa wa mashine mara mbili au tatu kila wiki, na mtu wa mashine hawezi tena kusukuma randa kutwa nzima.

Habari haikukawia kuenea. Ijumaa alikuja mteja aliyekuwa amemwagiza Seremala kabati na kulipa nusu, akaja na fundi mwingine. Walilibeba kabati halina milango, mbele ya mama mkwe aliyekaa pale pale kwenye mkeka.

"Mwanangu angelimaliza," alisema bibi kizee.

"Najua, bibi," alisema yule fundi mwingine, akipanguza randa ya Seremala kwa kiganja, akaiangalia kwa tamaa, akairudisha mahali pake. "Hii mkiuza, nifikirieni."

Wakimbiaji walikuja hospitali. Walileta machungwa ambayo mgonjwa wa figo hakuruhusiwa kula, wakayala wenyewe wamekizunguka kitanda, na haikuchukua muda wakaanza kutoa mbio zao za siku ile kama vile wako ukutani. Mlinzi wa Ghala alieleza alivyobanwa na tumbo kwenye daraja. Mwalimu alieleza alivyolia. Seremala aliwasikiliza amefumba macho, anatabasamu. Kapteni hakuja. Alituma salamu.

"Na wewe mbio yako hujaitoa, Treni," alisema Muuza Mayai, akimbonyeza kidole cha mguu. "Tunakusubiri."

Usiku ule Seremala alimtolea mkewe. Aliitoa kwa vipande, anasinzia, anarudi, na Mshonaji aliikusanya kama anavyokusanya vipande vya nguo kabla ya kuunga.

*

Jumapili iliyofuata Mshonaji alifika kwenye ukuta kabla wao hawajarudi. Alivaa gauni la kutokea, na mkoba wake wa kazi begani. Waliingia mmoja mmoja wanachuruzika jasho, wakamwona, wakasalimia kwa vichwa. Walipoketi, nafasi moja ilibaki katikati ya Mlinzi na Muuza Mayai, hakuna aliyeikalia. Mshonaji aliikalia.

Kapteni alisimama mbele yao na kofia yake. "Tumekuwa na wiki ngumu," alianza. "Mimi nadhani leo tusitoe. Tumwombee mwenzetu, tutawanyike."

"Mume wangu hajatoa mbio yake," alisema Mshonaji. "Nimekuja kuitoa."

Walitazamana. Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "Ni haki yake."

Mshonaji aliweka mikono mapajani. "Alianza taratibu," alisema. "Goti lilikuwa linauma tangu nyumbani, lakini alimeza vinne kabla hajatoka mlangoni, nami nilimsikia akinywa maji nikadhani ni kiu. Walipofika sokoni goti likanyamaza. Anasema lilikuwa kama mlango uliotiwa mafuta. Kule kwenye mlima mdogo alitaka kusimama, akakumbuka mbio ya Kapteni. Akasema, na mimi leo naazima miguu. Akapasua vile viwili, akameza bila maji kwa sababu meza ya maji ilikuwa imeishiwa vikombe."

Kapteni alifungua mdomo. Mlinzi wa Ghala alimwinulia mkono, maana anayetoa mbio hakatizwi, na sheria hiyo aliiweka Kapteni mwenyewe.

"Akampita Kapteni karibu na kiwanda. Anasema hajawahi kusikia raha kama ile, hata siku ya kunioa, na mimi simlaumu. Akamaliza. Akavishwa medali. Akaenda nyuma ya hema, akakojoa mkojo wa rangi ya chai, na huo ndio mkojo wake wa mwisho mpaka leo. Misuli ikamkaza, mkambeba. Daktari akauliza, kameza nini huyu? Akajibiwa, hakumeza. Basi akachomwa sindano ya dawa zile zile. Mume wangu alisikia jibu hilo, akanyamaza, kwa sababu naye alitaka muda wake ubaki." Akavuta pumzi. "Umebaki. Umebandikwa ofisini kwao, nimekwenda kuuona. Hakuna aliyemfuta. Na mfuko wa vidonge niliushona mimi."

Alikuwa amemaliza.

Wakapiga makofi. Hawakukusudia, mikono yao ndiyo iliyokuwa imezoea. La kwanza lilitoka kwa wote, la pili kwa wachache, la tatu kwa mtu mmoja aliyejishtukia akaificha mikono yake chini ya mapaja.

Upepo ulisukuma karatasi chini ya pampu za mafuta zilizoshika kutu. Muuza Mayai alimsogelea Mshonaji, uso wake umejaa huruma ya kweli.

"Pole, dada. Ina maana vilikuwa sita kwa jumla?"

"Sita."

Muuza Mayai alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeshika kikapu chake akakuta hakuna yai lililovunjika. "Alizidisha," alisema. "Mimi huwa nameza viwili tu."

"Mimi viwili na nusu," alisema Mlinzi wa Ghala. "Na siku ya jua naacha hiyo nusu."

"Nusu ndiyo nzuri," akasema mwingine upande wa mwisho, na ukuta mzima ukaanza kulegea mabega.

Mshonaji aliwasikiliza. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. "Simama, mdogo wangu," alimwambia Muuza Mayai.

Akasimama, bila kuelewa. Mshonaji aligeuza mpira wa kiuno chake, akapata mshono wake mwenyewe, ile mistari miwili iliyonyooka, na akaanza kuikata uzi mmoja mmoja. Ilichukua muda, maana alikuwa ameishona idumu. Kitambaa kilipoachia, vidonge viwili vilidondoka kwenye saruji. Muuza Mayai alivitazama. Hakuviokota, lakini aliweka mguu wake karibu navyo visibingirike.

"Mwingine," alisema Mshonaji.

Hakuna aliyesimama. Mwalimu aliangalia viatu vyake. Kapteni alikuwa ameweka mkono kiunoni upande wa ndani wa bukta, taratibu, kama mtu aliyebanwa na kichomi.

"Tuendelee," alisema Kapteni. "Zamu ya nani?"

Mlinzi wa Ghala akakohoa, akaanza kueleza kwamba leo alitoka na mwili mzito, lakini walipopita sokoni miguu ikaanza kufunguka. Mshonaji alikaa pale pale kwenye nafasi ya mumewe, mkasi umefunguka kiganjani, akamsikiliza mpaka mwisho.